Mlango wa Pili: Mtihani wa GED na Darasa la Filamu katika Vyuo vya Jamii vya Washington

Utangulizi

Mjadala uliozaa makala haya haukuwa kwenye ajenda ya kikao. Tulikuwa tunapokea wanachama wapya, kila mmoja akisimama na kutaja jina lake, mkoa anakotoka na shule aliyomaliza. Zamu ilipomfikia mwenzetu mmoja, alisita. Kisha akasema kwamba hakumaliza shule yoyote. Alifanya Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, halafu akafanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtu mmoja nyuma akacheka. Hakucheka kwa nia mbaya sana, lakini alicheka, na sote tulisikia.

Baada ya kikao tulibaki tukibishana. Je, cheti kilichopatikana kwa njia nyingine ni sawa na cheti cha aliyekaa darasani miaka minne? Kama ni sawa, kwa nini mwenye nacho anasita kukitaja? Na kama si sawa, kwa nini serikali inakitoa? Tuligundua kwamba tulikuwa tunajibu kwa hisia, na kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kuisoma historia ya jambo lenyewe.

Makala haya yanaifuata historia hiyo mahali ambapo swali hilo limeulizwa kwa sauti kwa takribani miaka themanini: jiji la Washington na viunga vyake vya Maryland na Virginia, eneo ambalo wenyeji hulifupisha kwa herufi DMV. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni eneo lenye Waafrika Mashariki wengi, hasa Wahabeshi, pamoja na wasemaji wa Kiswahili kutoka Tanzania, Kenya na Kongo, na wengi wao wamepita katika mlango huu wa pili. Pili, vyuo vya jamii vya huko huweka chini ya paa moja mambo mawili ambayo sisi hatujawahi kuyafikiria pamoja: maandalizi ya mtihani wa ulinganifu wa sekondari na mafunzo ya kutengeneza filamu. Tunadai kwamba mambo hayo mawili yanaelezana.

Mtihani uliozaliwa vitani

Marekani ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia, iliandikisha jeshini vijana wengi ambao hawakuwa wamemaliza sekondari. Waelimishaji walikumbuka yaliyotokea baada ya vita vya kwanza: askari waliorudi walipewa na shule na vyuo alama za masomo kwa sababu tu walikuwa wametumikia jeshini, bila mtu kuuliza walichojua. Hawakutaka jambo hilo lijirudie. Mwaka 1942 taasisi ya elimu ya majeshi ya Marekani, ikishirikiana na Baraza la Elimu la Marekani, ilianza kuandaa mtihani ambao ungepima maarifa aliyonayo mtu, popote alipoyapatia. Miongoni mwa wataalamu waliouongoza ni E. F. Lindquist wa Chuo Kikuu cha Iowa. Mtihani huo ukaitwa GED, herufi zinazosimamia maneno ya Kiingereza yenye maana ya maendeleo ya elimu ya jumla.

Tutazame wazo lililomo. Karatasi tano za mwanzo, yaani uandishi, masomo ya jamii, sayansi, fasihi na hisabati, hazikulenga kumkamata mtu kwa tarehe na kanuni alizozikariri. Zililenga kuona kama anaweza kusoma habari ngumu na kuifikiri. Kipimo chake kilikuwa mwanafunzi wa kawaida anayemaliza sekondari, kwa kuwa mtihani ulijaribiwa kwanza kwa wanafunzi hao ili alama za askari zilinganishwe na zao. Kwa hiyo neno ulinganifu halikuwa huruma, bali hesabu: huyu na yule wamepimwa kwa kijiti kimoja.

Mwaka 1947 jimbo la New York lilianza kuutoa mtihani huo kwa raia wasio askari, na majimbo mengine yakafuata. Mlango uliojengwa kwa ajili ya wanaume waliotoka vitani ukaanza kuingiwa na mama wa watoto watatu, kijana aliyeacha shule akafanye kazi shambani, na mhamiaji aliyefika na sanduku moja.

Chuo cha jirani

Mtihani peke yake haufundishi. Ndiyo maana historia ya GED haiwezi kutenganishwa na historia ya vyuo vya jamii. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa askari waliorudi fedha za kusoma, na mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Harry Truman ilipendekeza vijengwe vyuo vya miaka miwili, karibu na makazi ya watu na kwa ada nafuu. Jina la chuo cha jamii lilienea kutokana na ripoti ya tume hiyo.

Katika eneo la Washington vyuo hivi vilianza kwa unyonge. Montgomery Junior College, ambacho leo kinaitwa Montgomery College, kilifunguliwa mwaka 1946 katika madarasa ya kuazima ya shule ya sekondari ya Bethesda-Chevy Chase. Wanafunzi wa chuo waliingia wale wa sekondari walipotoka. Prince George's Community College nacho kilianza hivyohivyo mwaka 1958, kwa masomo ya jioni katika shule ya sekondari ya Suitland. Ng'ambo ya mto, huko Virginia, chuo kilichokuja kuitwa Northern Virginia Community College kilianza kufundisha mwaka 1965 katika eneo la Bailey's Crossroads. Msomaji aliyesoma katika shule ya kata yenye zamu mbili ataielewa picha hii bila kuchorewa.

Hata hivyo, tusidanganywe na neno jamii. Montgomery Junior College kilipofunguliwa kilipokea Wazungu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wilaya hiyo ilianzisha chuo cha pili kwa ajili ya Weusi, Carver Junior College mjini Rockville, na kikadumu mpaka mwaka 1956, baada ya ubaguzi wa shule kupigwa marufuku na Mahakama Kuu. Kwa hiyo ndani ya mlango wa pili kulikuwa na mlango mwingine wa pili. Mjini Washington kwenyewe, ambako wakazi wengi walikuwa Weusi, hapakuwa na chuo cha umma cha elimu ya jumla chenye mlango wazi hadi Federal City College kilipofunguliwa mwaka 1968. Waombaji walikuwa wengi mno kuliko nafasi, hata ikabidi wanafunzi wapatikane kwa bahati nasibu. C. L. R. James, mwanahistoria wa Trinidad aliyeandika kwa heshima kuhusu Azimio la Arusha, alikuwa miongoni mwa walimu wake. Mwaka 1977 chuo hicho kiliunganishwa na vingine kuwa University of the District of Columbia, na mwaka 2009 chuo hicho kikuu kikafungua tawi la chuo cha jamii.

Wahamiaji nao walijenga ya kwao. Mwaka 1970 Carlos Manuel Rosario, mzaliwa wa Puerto Rico, alianzisha mjini Washington masomo ya Kiingereza kwa watu wazima kutoka Amerika ya Kilatini. Katika miaka ya 1990 jiji likiwa katika mgogoro mkubwa wa fedha, kituo hicho kilifungwa. Wanafunzi na walimu wake hawakukubali, na mwaka 1998 kikafunguliwa upya kama shule ya umma inayojiendesha, ikiwa na jina la mwanzilishi wake. Hadi leo hufundisha Kiingereza, maandalizi ya GED na kazi za mikono. Mwaka 1985 Academy of Hope ilianza katika mtaa wa Adams Morgan kwa kuwafundisha watu wazima waliokosa shule. Huo ni mtaa uleule ambao Wahabeshi waliokimbia utawala wa Derg walifungua migahawa yao.

Mto mmoja, majina matatu

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo wanalugha hatuwezi kulipita. Nchini Marekani elimu ni mamlaka ya kila jimbo, si ya serikali kuu. Eneo la Washington limegawanywa na mto Potomac na mipaka ya majimbo, na mtu anaweza kuishi upande mmoja, kufanya kazi upande wa pili na kusoma upande wa tatu. Mtihani wa GED ni uleule pande zote. Lakini karatasi anayopewa aliyefaulu haina jina moja.

Maryland humpa diploma ya sekondari ya jimbo. Virginia humpa cheti cha ulinganifu wa sekondari. Washington, kwa miaka mingi, ilimpa hati ya ulinganifu, hadi Januari 2016, ambapo bodi ya elimu ya jiji ilipiga kura kwamba aliyefaulu GED apewe diploma. Maswali hayakubadilika, wala alama ya kufaulu kwa ajili ya kura hiyo. Kilichobadilika ni neno.

Je, neno lina uzito? Waliotetea mabadiliko walisema ndiyo: fomu ya kuomba kazi huuliza kama una diploma, na mwenye hati ya ulinganifu hujikuta akijieleza kabla hata ya kuitwa kwenye usaili. Waliopinga walihofu kwamba diploma ya shule ingepungua thamani, na kwamba vijana wangeshawishika kuacha shule wakijua kuna njia ya mkato. Pande zote mbili zilikubaliana, bila kutaka, kwamba jina la karatasi ni sehemu ya karatasi. Mwenzetu aliyesita kwenye kikao angeweza kuwaambia hivyo bila utafiti wowote.

Ikumbukwe pia kwamba wapo wenye karatasi halali isiyosomeka. Mkimbizi wa Kongo aliyesoma katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma alifuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, ndani ya ardhi ya Tanzania. Akihamishiwa Maryland, cheti chake lazima kitafsiriwe na kitathminiwe, na kama kilipotea njiani hakuna ofisi ya jirani ya kukidai. Kwa mtu kama huyo mtihani wa ulinganifu si nafasi ya pili. Ni kuthibitisha mara ya pili kile alichokwisha kukithibitisha.

Kamera na azma

Tugeukie sasa upande wa pili wa jengo. Vyuo hivihivi vinavyomwandaa mtu mzima kwa hisabati ya GED vina vyumba vya kuhariri picha, makabati ya kamera na walimu wa filamu. Mtazamaji wa haraka ataona mkanganyiko: huyu anatafuta riziki, yule anatafuta starehe ya sanaa.

Historia inasema vingine. Kwa muda mrefu filamu ilikuwa mali ya wenye fedha, kwa kuwa utepe, kamera na maabara ya kusafishia picha viligharimu sana. Mwaka 1967 kampuni ya Sony ilitoa kamera ya video ya kubeba begani, na mkanda wake ungeweza kufutwa na kutumiwa tena. Mwaka 1972 tume ya mawasiliano ya Marekani iliagiza kampuni za televisheni ya kebo katika masoko makubwa zitenge njia ambayo mkazi yeyote angeweza kuitumia. Agizo hilo lilitenguliwa na Mahakama Kuu mwaka 1979, lakini sheria ya mwaka 1984 ikaziruhusu serikali za mitaa kuzidai njia hizo tena. Ndiyo maana Arlington, Fairfax, Montgomery na Washington zote zikawa na vituo vya televisheni ya wakazi, ambako mhamiaji angeweza kujifunza kushika kamera na kurusha kipindi kwa lugha yake. Vyuo vya jamii viliingia katika mkondo huohuo: kuandika hadithi ya filamu, kupanga mwanga, kunasa sauti, kuhariri, na kumwazima mwanafunzi kamera ambayo mshahara wake usingeinunua.

Tofauti kubwa iko kwenye namna ya kumpima mtu. Katika filamu hakuna anayeuliza ulisoma shule gani. Huulizwa: umetengeneza nini? Nionyeshe. Kwa maana hiyo darasa la filamu linakaribiana mno na njia nyingine ya kupata sekondari inayotumika Maryland na Washington, iliyobuniwa Syracuse, New York, katika miaka ya 1970. Njia hiyo haina mtihani mmoja mkubwa. Mtu mzima huonyesha hatua kwa hatua kwamba anaweza kupanga bajeti, kusoma mkataba, kutafuta habari na kuitetea hoja, hadi mkusanyiko wa kazi zake utoshe. Mwishoni hupewa diploma. Basi kuna njia mbili za kuthibitisha maarifa: kujibu swali la mtu mwingine, au kuweka kazi yako mezani. Shule zetu zimeizoea ya kwanza tu.

Mfano mkubwa wa njia hii ya pili katika jiji la Washington haukutoka katika chuo cha jamii bali katika Chuo Kikuu cha Howard. Haile Gerima, mzaliwa wa Gondar, Ethiopia, alianza kufundisha filamu pale mwaka 1975. Alikuwa na shahada ya Chuo Kikuu cha California kilichopo Los Angeles, lakini shahada hiyo haikumfungulia kumbi za sinema. Filamu yake Sankofa, inayohusu utumwa na iliyopigwa kwa sehemu katika ngome za pwani ya Ghana, ilishindanishwa katika tamasha la Berlin mwaka 1993, na bado wasambazaji wa Marekani hawakuitaka. Yeye na mkewe, Shirikiana Aina, ambaye jina lake halihitaji kamusi kwa msomaji wa jarida hili, wakakodi ukumbi wa sinema mjini Washington na kuionyesha wenyewe kwa wiki nyingi, watu wakipanga foleni. Shirikiana Aina mwenyewe ni mtengenezaji wa filamu. Mwaka 1982 alitoa filamu ya hali halisi kuhusu Weusi maskini waliokuwa wakiondolewa katika mitaa ya jiji hilo. Mwaka 1998 wawili hao walifungua duka la vitabu na video, Sankofa, barabara ya Georgia, mkabala na Howard, ambako filamu zimeonyeshwa kwa majirani na wanafunzi.

Somo letu hapa ni hili: hata mwenye cheti cha mlango wa kwanza anaweza kukuta milango mingine imefungwa, na kilichomtoa ni kazi iliyokwisha kufanywa pamoja na watu waliokuja kuitazama.

Ulinganifu na usawa

Tusiishie kwenye sifa. Mwaka 1993 wanauchumi Stephen Cameron na James Heckman walichapisha utafiti uliotikisa imani ya wengi. Walilinganisha kipato na kazi za watu wa makundi matatu, wakaona kwamba waliopata GED walifanana zaidi na walioacha shule kuliko na waliomaliza. Tofauti iliyokuwepo ilielezwa zaidi na miaka mtu aliyokaa darasani kuliko na cheti chenyewe. Heckman alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2000 kwa kazi nyingine, na sauti yake ikawa nzito.

Wapo watakaosema utafiti huu unampa haki yule aliyecheka nyuma ya kikao. Sisi tunausoma tofauti. Hauonyeshi kwamba mwenye GED hana akili, kwa kuwa alifaulu mtihani uleule. Unaonyesha kwamba mtihani bila darasa hautoshi. Mtu akipewa kitabu cha maswali, akakariri, akafaulu, akaachwa barabarani, karatasi itamfikisha mbali kidogo tu. Lakini akiingia chuoni, akapewa mwalimu, maktaba, kamera, na njia ya kuendelea hadi chuo kikuu, historia yake inakuwa nyingine.

Yaliyotokea mwaka 2014 yanathibitisha jambo hilo. Mwaka huo GED ilihamishiwa kwenye kompyuta peke yake, ikafanywa ngumu zaidi, na uendeshaji wake ulikuwa tayari umeingia ubia na kampuni ya Pearson. Waliokuwa nusu ya safari walikimbilia kumaliza mwaka 2013, na idadi ya watahiniwa ikaporomoka mwaka uliofuata. Januari 2016 alama ya kufaulu ilishushwa kutoka 150 hadi 145. Anayejiandaa peke yake mezani kwake, bila kompyuta, hubebwa na mabadiliko kama haya kama jani juu ya maji. Aliye na darasa ana mtu wa kumwambia afanyeje.

Kurudi kwetu

Nchini Tanzania mlango wa pili ni mkongwe. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipewa sheria yake mwaka 1975, katika kipindi ambacho taifa lilikuwa likipigana na ujinga kwa madaftari, redio na madarasa ya chini ya miti. Kwa miaka mingi msichana aliyepata ujauzito aliondolewa shuleni, na aliyetaka kuendelea alibaki na njia kama QT. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana hao, wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Uamuzi huo haukuifuta QT, kwa sababu wapo ambao umri, watoto au kazi haviwaruhusu kuvaa tena sare.

Kwa upande wa filamu tuna historia ya kujifunza kazini. Filamu nyingi za Kiswahili zilizojaza mabanda ya video katika miaka ya 2000 zilitengenezwa na watu ambao hawakuwahi kuingia darasa la filamu. Walionyesha kazi kabla ya kuonyesha cheti. Tumewatazama kwa furaha, kisha tukawaita wababaishaji.

Tunapendekeza mambo mawili, na tunayapeleka kwa walimu wetu wanaosoma jarida hili. La kwanza, mwanafunzi wa QT asiachiwe kitabu cha maswali na ada ya mtihani tu. Vyuo vyetu vina madarasa yanayokaa matupu jioni, kama yale ya Bethesda mwaka 1946, na vina wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaoweza kufundisha Kiswahili na Historia. Chama chetu kinaweza kuanza na darasa moja. La pili, katika darasa hilo iwepo kazi ya kuonyesha: masimulizi ya mtaa yaliyorekodiwa kwa simu, yakahaririwa na kutazamwa na wazazi na majirani. Simu tulizo nazo mfukoni zinazidi kamera ambayo Federal City College ingeweza kuiota.

Hitimisho

Tulianza kwa kuuliza kama vyeti viwili vinalingana. Historia ya Washington imetuonyesha kwamba jina la karatasi huamuliwa na watu waliokaa kikaoni, na linaweza kubadilishwa kwa kura moja. Ni jambo jema, na linapunguza aibu. Lakini kinachoufanya mlango wa pili uwe mlango kweli ni darasa lililo nyuma yake, ambalo haliletwi kwa kura ya siku moja.

Mwenzetu wa QT ameisoma rasimu ya makala haya. Alisahihisha mambo mawili kuhusu mtihani wenyewe, kisha akatuuliza darasa la jioni litaanza lini, kwa kuwa mdogo wake anauza mitumba na hana pa kujiandalia. Kikao kijacho swali hilo litakuwa kwenye ajenda.